Gitaa la Bei Rahisi na Thamani Yake katika Muziki Wetu

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Kwa methali hii tangu zamani wavivu wamekanywa wasitafute visingizio, na watu wenye bidii wametiwa moyo waanze kazi kwa kile walicho nacho mkononi. Lakini kila aliyepata kulima anajua pia kwamba jembe lililolegea mpini humchubua mkulima viganja na kuliacha shamba lake katika magugu. Methali hii basi ina mpaka wake, na kuutafuta mpaka huo katika jambo la muziki ndiyo kazi tuliyojipa katika makala haya. Swali letu laonekana dogo: je, gitaa kavu la bei rahisi, lile linaloning'inizwa dukani pamoja na mipira na madaftari, lafaa kupigwa? Au kulinunua ni kutupa fedha?

Swali hili tumeulizwa mara nyingi na wazazi, na walimu, na vijana wenyewe, nasi tumesikia likijibiwa kwa namna mbili. Wako wanaosema kwamba chombo rahisi ni takataka, na kwamba asiye na uwezo wa kununua gitaa la thamani ni heri angoje mpaka aupate. Wako pia wanaosema kwamba chombo si kitu, kipaji ndicho kila kitu, na kwamba msanii wa kweli atapiga hata ubao wenye waya. Jibu la kwanza lawafungia mlango watoto wa wakulima na wafanyakazi, maana wengi wao watangoja mpaka uzeeni. Jibu la pili laipamba dhiki na kuifanya sifa. Sisi twaona kwamba yote mawili yamekosea, na ushahidi wetu twautoa kwanza katika historia.

Bado wako wazee wanaoliita gitaa kavu kwa jina la galatoni. Jina hilo si la Kibantu wala la Kiarabu. Ni alama ya biashara, Gallotone, iliyotumiwa na kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, ambayo mwanzilishi wake, Eric Gallo, alianza biashara ya santuri mjini Johannesburg mwaka 1926. Kampuni hiyo ilipiga chapa santuri kwa alama hiyo, na kwa alama hiyohiyo iliuza magitaa ya kiwandani yenye bei nafuu, yaliyosambaa kusini na katikati ya Afrika. Jina la kitu kilichouzwa likawa jina la kitu chenyewe, na hiyo ni dalili ya chombo kilichoingia hasa mikononi mwa watu.

Magitaa hayo hayakuishia Afrika. Mwaka 1957 kijana mmoja wa mji wa Liverpool, Uingereza, alipata gitaa la aina hiyo lililoitwa Gallotone Champion. Ndani ya tumbo lake mlibandikwa karatasi yenye ahadi kwamba halitapasuka. Kijana huyo ni John Lennon. Mama yake alikuwa mpiga banjo, naye alimfundisha mwanawe kushika nyuzi za gitaa kwa mishiko ya banjo. Kwa gitaa hilo Lennon alipiga katika sherehe ya kanisa moja huko Woolton tarehe 6 Julai, 1957, na siku hiyo ndipo alipokutana mara ya kwanza na Paul McCartney. Ushirika wao ndio uliokuja kuwa kiini cha kundi la The Beatles. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 100,000. Fedha hizo, bila shaka, zililipiwa historia ya gitaa. Sauti yake haikuwa imebadilika. Hata hivyo mkasa huu watuonyesha kwamba gitaa la bei ndogo lilitosha kumfikisha mwanafunzi mahali ambapo angeweza kulihitaji lililo bora zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya chombo cha kuanzia.

Tusiende mbali kutafuta ushahidi, maana ulioko karibu nasi ni mkubwa zaidi. Katika karne ya kumi na tisa watu wa Usumbwa na Unyamwezi walivuka kuelekea magharibi kwa biashara ya shaba na pembe. Mmoja wao, Msiri, alijenga dola kubwa katika nchi ya Katanga, na makao yake yakawa Bunkeya. Watu wake waliitwa Bayeke. Msiri aliuawa mwaka 1891 na msafara uliotumwa kuitwaa nchi yake kwa ajili ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Katika Bunkeya hiyohiyo, mwaka 1930, alizaliwa Jean Bosco Mwenda, ambaye baadaye alijiita Mwenda wa Bayeke. Basi mpiga gitaa mashuhuri kupita wote wa kizazi chake katika Afrika ya Kati alikuwa na asili inayofika kwetu, na lugha aliyoimbia zaidi ilikuwa Kiswahili, Kiswahili cha miji ya migodi ya Katanga.

Mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimkuta Bosco katika mji wa Jadotville, ambao leo unaitwa Likasi, akamrekodi. Miongoni mwa nyimbo alizozirekodi ulikuwemo ule wa "Masanga", uliotolewa katika santuri za Gallotone. Wasikilizaji wa mbali walidhani kwamba magitaa ni mawili, kumbe ni mtu mmoja na gitaa moja kavu. Dole gumba lilipiga sauti nzito za chini kwa mwendo usiokatika, na kidole cha shahada kikachomoa sauti nyembamba juu yake, kila mkono wa muziki ukienda njia yake na yote miwili ikikutana mahali pake. Miaka michache baadaye, katika 1961 na 1962, mtaalamu David Rycroft alichapisha uchambuzi mrefu wa upigaji huo, akiuandika noti kwa noti. Bosco alifika pia Nairobi, kama alivyofika mwenziwe Edouard Masengo, na vijana wa Kenya na wa Tanganyika waliwasikia katika santuri na katika redio. Bosco alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Magharibi ya Kenya nako, katika nchi ya Waluhya, George Mukabi aliendeleza upigaji wa vidole viwili ulioitwa omutibo. Nyimbo zake nyingi aliziimba kwa Kiswahili, na bendi yake yote ilikuwa gitaa kavu pamoja na chupa ya soda yenye mbavu iliyokwaruzwa kwa kijiti kutoa mwendo. Mukabi aliuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana, lakini nyimbo zake zingali zinapigwa. Itazame gharama ya bendi hiyo, ndugu msomaji, kisha uitazame thamani yake.

Muziki huo ulikua katika miji ya reli, ya migodi na ya kambi za wafanyakazi, mahali ambapo mtu alinunua gitaa kwa mshahara wake mdogo. Wengine walikuwa askari waliorudi kutoka Vita ya Pili ya Dunia mwaka 1945, wakiwa wamejifunza gitaa huko walikotumwa. Magitaa yao hayakuchongwa na mafundi bingwa wa Hispania. Kwa maoni yetu, hata mitindo yenyewe ina alama ya vyombo hivyo. Katika gitaa la bei rahisi nyuzi huwa juu mno kadiri mkono unavyoshuka kuelekea tumboni, na kuzikandamiza huko ni mateso. Wapigaji hawa walifanya makazi yao karibu na kichwa cha gitaa, ambako nyuzi ziko chini, na wakazitumia mno nyuzi zilizoachwa wazi.

Walipotaka kupandisha sauti ili iafikiane na koo la mwimbaji, walifunga penseli au kijiti kukingama shingo kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Kijiti hicho kilifanya kazi mbili. Kilipandisha sauti, na pia kilishika mahali pa kile kizingiti ambacho nyuzi hupitia kabla ya kufika kwenye vigingi. Kizingiti cha gitaa rahisi aghalabu hukatwa vibaya na kuziacha nyuzi juu. Kijiti cha mpiga gitaa kilikuwa basi ni matengenezo ya kosa la kiwanda. Hapo twaona akili ya watu wetu: hawakukisifu chombo kibovu, wala hawakukitupa, walikirekebisha.

Katika nchi yetu gitaa liliingia katika bendi za dansi mapema. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, na Cuban Marimba ya Salum Abdallah ilianza Morogoro mwaka 1948. Baadaye magitaa ya umeme yalichukua nafasi, na hapo tatizo jipya likazuka. Vyombo vya umeme vilikuwa ghali, vilitoka nje, na katika miaka ya 1970 na 1980 fedha za kigeni zilikuwa haba. Vyombo vikawa mali ya chama, shirika au tajiri. NUTA Jazz, kwa mfano, iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mpango huo uliwapa wanamuziki mshahara, na tusiubeze. Lakini mwanamuziki aliyetoka katika bendi alitoka mikono mitupu. Aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Katika hali hiyo gitaa kavu lililoning'inia nyumbani, hata likiwa hafifu wa sura, ndilo pekee ambalo mwanamuziki aliweza kuliita lake, na juu yake aliweza kutunga wimbo usiku bila kuomba ruhusa ya mtu.

Tukifika hapa yatupasa tukiri kosa letu wenyewe, maana bila kosa hilo tusingeyaandika haya. Miaka mingi iliyopita, tukiwa watumishi wa ofisi ya utamaduni wilayani, tulitiwa katika kamati ya kuinunulia shule moja ya sekondari vyombo vya muziki. Fedha zilikuwa kidogo. Mwenye duka alituonyesha magitaa mapya sita, yenye rangi ya machweo na mng'aro wa kioo, kwa bei iliyotufurahisha. Hatukukaza uzi hata mmoja. Tuliyatazama kama watu watazamavyo kabati, tukatia sahihi, tukayapeleka shuleni kwa hotuba na makofi.

Muhula haukwisha kabla mwalimu hajatuandikia barua. Magitaa manne hayakukubali kulingana sauti hata kidogo: ukiyalinganisha nyuzi zikiwa wazi, yalipotoka mara tu kidole kiliposhuka shingoni. La tano shingo ilijipinda kama upinde. Wanafunzi waliojiandikisha walikuwa wengi, na karibu wote waliacha. Kilichotuuma zaidi si fedha. Kilichotuuma ni kwamba watoto wale waliondoka wakiamini kuwa hawana sikio la muziki, kumbe sikio lao lilikuwa sahihi na gitaa ndilo lililokuwa likisema uwongo. Wengine, la kusikitisha zaidi, walilizoea kosa mpaka wakaliona ndilo sawa.

Katika shule hiyohiyo palikuwa na mlinzi wa usiku aliyekuwa na gitaa lake kuukuu, la mbao za plaiwudi, lililofifia rangi na kubanduka ubavuni, lililonunuliwa kwa mkono wa pili kwa bei ndogo kuliko moja la yale sita. Mwalimu alilichukua kwa mkopo, akafundishia hilo. Nalo lilikuwa sahihi kutoka juu mpaka chini. Tulipokwenda kulisikia tulitahayari. Tulikuwa tumedhani kwamba rahisi na hafifu ni neno moja. Kumbe katika duka lilelile na kwa bei ileile vitu hivyo viwili huweza kuning'inia bega kwa bega, na asiyejua kupima hawezi kuvitenganisha.

Tangu siku hiyo tulijifunza kwa mafundi namna ya kupima, nasi twayaeleza hapa kwa faida ya wengine. Uhai wa gitaa uko katika vipimo vyake. Vile vifito vya madini vilivyopachikwa kukingama shingo havikuwekwa kwa kukisia; kila kimoja kina mahali pake panapotokana na urefu wa uzi. Ikiwa uzi una sentimita 65 kutoka kizingiti hadi darajani, kifito cha 12 yapasa kiwe karibu sentimita 32.5 kutoka kizingiti, yaani katikati, maana uzi ukikatwa nusu hutoa sauti ileile iliyo juu zaidi kwa daraja nane. Hivyo jaribio la kwanza ni hili: piga uzi ukiwa wazi, kisha upige ukiwa umeshikwa kwenye kifito cha 12. Sauti zikiwa ndugu, endelea. Zikigombana, ama kifito kimekosewa, ama daraja limekaa si mahali pake, ama nyuzi ziko juu mno, au zimechakaa. Jaribio la pili ni kulitazama gitaa kutoka kichwani kama seremala aangaliavyo ubao: shingo iwe imenyooka, au iwe na mbonyeo mdogo mno. La tatu ni kugusa kila kifito katika kila uzi kusikiliza kama kuna panapokoroma. La nne ni kuzikaza nyuzi, kupiga kwa nguvu dakika chache, na kuona kama vigingi vinashika.

Majaribio haya hayahitaji fedha, wala hayahitaji elimu ya chuo. Nayo yatufunulia jambo ambalo ndilo kiini cha maelezo yetu: yale yaliyo ya lazima katika gitaa siyo yale yaliyo ghali. Mashine ikishapangwa vizuri, kukata nafasi za vifito mahali sahihi ni gharama ileile kama kuzikata mahali pa kosa. Kinachopandisha bei ni ubao mzima wa uso uliopasuliwa mwembamba kutoka mti uliokomaa, ni saa nyingi za mkono wa fundi, ni nakshi na jina. Vitu hivyo vina faida ya kweli, wala hatuvidharau. Ubao mzima hutetemeka kwa wepesi zaidi kuliko plaiwudi, na sauti yake hujaa na kupambanua zaidi. Mpigaji aliyebobea hulihitaji gitaa kama hilo, kama mwandishi mzuri ahitajivyo kalamu isiyokwaruza. Lakini usahihi ni jambo moja na uzuri wa sauti ni jingine, na mwanafunzi huuhitaji usahihi kwanza.

Tena plaiwudi ina sifa yake katika nchi kama yetu. Ubao mzima hunywa unyevu na kuutoa. Huvimba katika joto la Tanga na Dar es Salaam, hukauka katika upepo wa Dodoma, na mwisho hupasuka. Plaiwudi, kwa kuwa nyuzi za tabaka zake hukingamana, hustahimili zaidi. Ile ahadi ndani ya galatoni, kwamba halitapasuka, ilikuwa na maana kwa mtu aliyebeba gitaa lake begani katika jua na mvua. Na kasoro nyingine za gitaa rahisi hutibika. Nyuzi zilizo juu huteremshwa kwa kupunguza mfupa wa darajani kwa msasa na kuchonga kizingiti kwa tupa ndogo. Nyuzi nene hubadilishwa kwa nyembamba. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja. Lakini kifito kilichokosewa mahali na shingo iliyopinda pasipo kurekebishika havina dawa ya bei ndogo. Gitaa la namna hiyo lisinunuliwe hata likitolewa kwa thumni, maana rahisi ya namna hiyo ndiyo ghali.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini tujisumbue na gitaa katika kitabu cha utamaduni wa taifa, hali tunayo zeze, marimba na ngoma? Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba, 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba wengi wetu tulijua dansi za kigeni na hatukuijua Gombesugu wala Mangala. Lakini katika hotuba hiyohiyo alionya pia kwamba kufufua utamaduni wetu si kukataa kujifunza kwa wengine. Bosco na Mukabi walilitwaa gitaa wakalisemesha lugha ya huku. Na marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alizunguka dunia na zeze la Kigogo, ambalo tumbo lake ni kibuyu. Hakuna aliyemwuliza kibuyu kile kiligharimu kiasi gani. Walimwuliza kimewezaje kusema vile.

Liko jambo la mwisho linalotuhusu kama taifa. Misitu ya Lindi, Mtwara na Ruvuma huota mpingo, mti mgumu na mzito hata huzama majini, ambao watengenezaji wa zumari za Ulaya huutumia kwa klarineti na obo, na ambao mafundi wa magitaa ya thamani huutumia pia. Tunao mninga, unaofaa kwa mbavu na mgongo wa gitaa. Hivyo mbao zetu huvuka bahari kwenda kuwa vyombo ambavyo watoto wetu hawawezi kuvinunua, na dukani kwetu tunauziwa magitaa yasiyopimwa. Hatusemi kwamba kila seremala ageuke fundi wa gitaa. Twasema kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Seremala aliyepewa kipimo sahihi cha shingo, kilichochorwa juu ya bati, aweza kuweka vifito mahali pake. Na kila ofisi inayonunua vyombo kwa fedha ya umma haina budi kumtuma mtu mwenye sikio pamoja na mtu mwenye kalamu. Sisi tulituma kalamu peke yake, na watoto wakalipa.

Jibu letu basi ni kwamba gitaa la bei rahisi lafaa kupigwa, na limekwisha kupigwa na wakubwa, kwa sharti kwamba limepimwa kabla ya kulipiwa na kurekebishwa kabla ya kulaumiwa. Mchagua jembe si mkulima, ni kweli. Lakini hata mkulima hodari hulitikisa jembe mpini kabla ya kuondoka dukani. Twamalizia kwa ubeti mmoja, tulioutunga kwa ajili ya wale wanafunzi ambao tuliwakosea:

Hafifu silo rahisi, bei haisemi kweli,
Pima shingo kwa kiasi, sikiliza nyuzi mbili,
Yakupasa kudadisi, ndipo uitoe mali,
Mkono ndio asili, gitaa ni mfuasi.